Mama Mifuko na Pochi Mbili

Saa moja kasorobo asubuhi, mkono wa Mama Mifuko umezama ndani ya koti jeupe la daktari. Unapapasa mfuko wa kulia, unatoka mtupu. Unahamia wa kushoto, unatoka na kalamu mbili, ganda la peremende na ufunguo wa baiskeli.

"Huyu naye!" anasema, akilitikisa koti kana kwamba anamkemea mwenyewe. "Wiki iliyopita alituletea kipimajoto. Leo ufunguo. Jioni utamwona hapa mlangoni anahema."

Ufunguo unaingia kwenye boksi la viatu lililo juu ya rafu, limeandikwa VYA WENYEWE kwa wino mnene. Koti linarushwa kwenye lundo la nguo nyeupe. Mkono unachukua koti jingine.

Hiki ni chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Mashine nne zinaunguruma upande mmoja, na upande wa pili mvuke wa pasi umepanda mpaka madirisha yamekuwa meupe. Sakafu haikauki, ndiyo maana wafanyakazi wote tisa wamevaa mabuti ya mpira. Kwa zamu moja hupita hapa karibu kilo mia tano za mashuka, makoti, mapazia na nguo za wagonjwa.

Kabla ya chochote kuingia kwenye maji, lazima kipite mkononi mwa mama huyu wa miaka arobaini na mmoja. Kalamu moja ikimponyoka, mashuka arobaini yanatoka na madoa ya bluu. Amekaa kwenye meza hii miaka kumi na mmoja, na jina alilopewa na wazazi wake halikumbukwi na mtu hapa. Hata mganga mkuu akipita humwita Mama Mifuko.

Mwezi uliopita boksi lake lilipokea vitu arobaini na vitatu. Ishirini na sita vilikuwa kalamu. Kulikuwa pia na pete ya ndoa, ambayo mwenyewe aliifuata mbio huku mkewe akiwa kwenye simu, na meno ya bandia yaliyofungwa vizuri ndani ya kipande cha bendeji.

"Mwenye meno alikuja siku ya tatu," anasimulia. "Hakusema neno. Alisimama hapo ameziba mdomo, nikampa, akainama kidogo kushukuru, akaondoka. Mpaka leo sijamtaja kwa mtu, na wewe usiniulize."

Wenzake wanaangua kicheko. Inaonekana hadithi hii wameshaisikia mara nyingi, na bado inawafurahisha.

Basi ungedhani mwanamke wa namna hii, mwenye mkono usiopitwa na kitu, hana shida na vya kwake mwenyewe. Loo! Hapo ndipo penye kisa. Kwa muda wa mwaka mmoja na ushei Mama Mifuko alihangaika na jambo ambalo wengi wangeliona dogo: aweke vitu vyake kwenye pochi ya kawaida, ile ya kukunja, au kwenye pochi ya kisasa inayobandikwa nyuma ya simu?

Kwake halikuwa dogo hata kidogo, kwa sababu ndani ya pochi hiyo hukaa kadi ya njano ya Chiriku.

Chiriku ni kitinda mimba wake, binti wa miaka mitano. Jina hilo kalipata kwa domo lake. Ukimwambia anyamaze anakuuliza kwa nini, ukimjibu anakuuliza nani kasema. Alipokuwa na miaka miwili alipata homa ya mapafu, akachomwa sindano ya dawa ambayo watoto wengine huchomwa kila siku wakapona. Yeye haikupita robo saa uso ukavimba, macho yakafumba, akawa anavuta pumzi kwa sauti ya filimbi.

"Nilimshika mwanangu nikaona anakwenda," anasema mama yake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mkono unasimama. "Mashuka ya wodi ile nafua mimi. Nilikuwa nayafahamu yote. Sikuwahi kufikiria kwamba wangu atalala juu yake namna ile."

Madaktari walimwahi. Mtoto akapona, na alipotoka akapewa kadi ya njano yenye majina ya dawa tatu yaliyoandikwa kwa wino mwekundu, na chini yake: ASIPEWE KABISA. Daktari aliyeiandika alimwambia mama jambo moja, nalo hajalisahau. "Mama, kadi hii isikae kabatini. Mtoto akipelekwa kutibiwa, iwepo."

Mumewe ni dereva wa lori. Huwa nyumbani siku nne kwa mwezi, tano akibahatika. Siku hiyo alitoa pochi yake ya ngozi ya kahawia, akaondoa vya kwake vyote, akampa mkewe. "Ina kidirisha cha nailoni hapa," alimwambia. "Weka kadi ya mtoto, ionekane ukifungua tu."

Ukitaka kujua siku ya mama huyu inavyokwenda, ihesabu kwa mikono. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mkono mmoja unafunga mfuko wa shule wa mtoto wa kwanza, kijana wa miaka kumi na miwili, na mwingine unamvalisha Chiriku soksi. Saa kumi na mbili kasorobo mkono mmoja umembeba Chiriku aliyeamua kulala tena, wa pili una mkoba wa chakula, na mlango unafungwa kwa kisigino. Anapanda magari mawili kufika kazini, akimwacha Chiriku chekechea njiani, na nauli humla karibu theluthi ya mshahara.

"Watu wanasema mama ana mikono minne," anatania. "Mimi naitafuta hiyo mingine miwili. Labda niliisahau kwenye mfuko wa mtu."

Katika heka heka hizo, asubuhi moja ya Jumatatu, mwaka juzi, aliitia ile pochi ya ngozi kwenye mfuko wa aproni yake ili apate mkono wa kulipokea lundo la mashuka. Saa nne aproni ikalowa. Akaivua, akaitupa kwenye lundo, akavaa kavu, akaendelea na makoti ya watu.

Aproni za wafuaji hazikuwa na mkaguzi. Nani angemkagua Mama Mifuko?

Pochi ilikwenda kwenye maji ya digrii tisini, ikazungushwa saa nzima. Mwenzake mmoja, dada mnene wa kwenye pasi, ndiye aliyeikuta wakati wa kuanua, imesinyaa na kuwa ngumu kama gome.

"Nilipiga kelele, 'Jamani njooni muone, Mama Mifuko kajifua mwenyewe!'" anakumbuka dada huyo. "Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Halafu tukamwona ameifungua. Ile kadi ilikuwa uji. Uji wa njano."

Mama Mifuko alikaa chini, palepale kwenye maji, akalia. Kupata kadi mpya kulimchukua wiki tatu na ruhusa mbili zisizo na malipo, maana daktari aliyeiandika ya kwanza alikuwa amehamishwa na faili lilibidi litafutwe.

Hapo ndipo mdogo wake alipoingia. Huyu ana kibanda cha kuuza makava ya simu, na ni mtu wa mambo mapya. Alikuja Jumapili na zawadi: pochi nyembamba nyeusi, yenye sumaku, inayojibandika mgongoni mwa simu yenye kava lake. Ina nafasi ya kadi nne na noti chache zilizokunjwa.

"Dada, pochi unaisahau," alimwambia. "Simu hujawahi kuisahau hata siku moja. Basi kadi ya mtoto ilale na simu, mambo yaishe."

Baba wa Chiriku, aliyekuwa akisikiliza kwenye spika ya simu kutoka huko barabarani, hakukubali. "Shemeji, acha biashara zako! Mwizi akikwapua hiyo simu, kakwapua ukoo mzima."

"Ya kwako haikukwapuliwa, shemeji," alijibu mdogo mtu. "Ilifuliwa!"

Kicheko kilichofuata, inasemekana, kilimwamsha mtoto wa nyumba ya pili.

Na tuseme kweli, pochi ile ya simu ilimfaa. Mama Mifuko mwenyewe haidharau. Akiwa amembeba Chiriku, mkono mmoja ulitosha kwa simu, kitambulisho, kadi ya kazini na nauli. Aliacha kuchakura mkobani mbele ya foleni ya watu wanaoguna. Kwa miezi minne alimsifia mdogo wake kila alipokutana na mtu mwenye sikio.

Shida zilianza kidogo kidogo. Kijana wake mkubwa huitumia simu hiyo kwa masomo, na pochi ilimkera mkononi, kwa hiyo aliibandua. Jioni moja ilitafutwa nyumba nzima, mpaka chini ya godoro, kumbe imejishikiza ubavuni mwa friji kwa ile sumaku yake. Chiriku naye akiona simu tu, katuni. Akinyimwa, kilio. Umeme ukikatika na simu ikaishiwa chaji, ilipelekwa kuchajiwa ikiwa na kadi ya mtoto mgongoni.

Tena kuna sheria ya kazini. Kwa sababu ya maji na mvuke, simu zote hukaa kwenye kabati la chuma mlangoni, na ufunguo huwa kwa msimamizi hadi wakati wa mapumziko. Mama Mifuko aliijua sheria hiyo miaka yote. Hakuiwaza.

Ilikuwa Alhamisi. Chiriku, aliyekuwa na mafua tangu juzi yake, hakupelekwa chekechea. Aliachwa kwa jirani, mwanamke wa makamo anayeshona sare za shule nyumbani kwake, na ambaye mtaa mzima humwita Mama Sare. Saa nne mtoto akawaka homa, akaanza kushika sikio na kupiga mayowe. Mama Sare akaacha cherehani, akambeba mpaka zahanati ya karibu, dakika kumi kwa miguu.

"Nilijua kuna dawa haipatani naye," anasema Mama Sare, akiwa bado na sindano ya kushonea kifuani pa gauni. "Mamake aliwahi kuniambia. Lakini jina? Sikumbuki. Na mimi nilidhani ni kidonge. Nesi alipokuja na sindano, mimi nikasema afadhali, sindano itamponya haraka."

Nesi hakuwa na kosa. Aliuliza kama mtoto ana tatizo na dawa yoyote, Mama Sare akajibu kwamba labda kuna kidonge fulani. Dawa ikavutwa kwenye bomba. Mtoto akageuzwa.

Ndipo Chiriku, katikati ya kilio, akafungua domo lake.

"Mimi sindano zingine sichomwi!" alisema. "Nina kadi ya njano! Imeandikwa kwa rangi nyekundu! Imelala mgongoni kwa simu ya mama!"

Watu wazima huwa wana namna ya kutomsikiliza mtoto anayekimbia sindano. Nesi huyu, kwa bahati ya kila mtu, alisikiliza. Akaliweka bomba kwenye sinia, akamwambia Mama Sare, "Mpigie mama yake."

Mama Sare akapiga. Simu ikaita ndani ya kabati la chuma. Akapiga tena. Baba naye alikuwa njiani, hapatikani. Kwa karibu saa mbili nesi alimpoza mtoto kwa kitambaa cha maji na dawa ya kushusha homa, bila kuthubutu kutibu sikio lenyewe, na muda wote huo kadi iliyotakiwa ilikuwa gizani, ikitikiswa na simu inayoita.

Saa sita mchana kabati lilifunguliwa kwa mapumziko. Mama Mifuko alikuta simu kumi na nne ambazo hazikupokelewa.

"Sikuuliza ruhusa," anasema. "Nilitoka na mabuti ya mpira na aproni. Dereva wa teksi aliniangalia akadhani nimetoroka wodi. Nililipa nauli ya wiki nzima kwa safari ile moja, na sijawahi kuijutia."

Alipofika, Chiriku alikuwa amelala mapajani kwa Mama Sare, shavu jekundu, mkono sikioni. Nesi akaipokea kadi, akaisoma mara mbili. Kisha akaichukua chupa ya ile dawa iliyovutwa kwenye bomba na kumwonyesha mama maandishi yake. Lilikuwa jina la kwanza kati ya yale matatu.

"Nilikaa chini," anasema Mama Mifuko. "Mimi nikiishiwa nguvu huwa nakaa chini."

Chiriku alipewa dawa nyingine na kwa siku mbili alikuwa kimya, jambo lililomtia mama yake hofu kuliko homa. Siku ya tatu akauliza kwa nini masikio ni mawili na pua moja, na nyumba nzima ikapumua.

Jumapili hiyo kikao kikakaliwa upya. Mdogo mtu alikuja na kava lenye kamba ya kuvaa shingoni, ili pochi ya simu isibanduke tena. Baba, aliyekuwa nyumbani safari hii, alitaka mkewe arudie pochi ya kawaida na asitie tena kwenye aproni. Wakabishana, shemeji kwa shemeji, mpaka Mama Mifuko akagonga meza.

"Nyinyi wote mnaniwekea mimi," aliwaambia. "Kamba shingoni mwangu, pochi mfukoni mwangu. Siku ile mtoto hakuwa na mimi! Alikuwa na Mama Sare. Sasa niambieni, simu naweza kumwachia Mama Sare? Siwezi, ndiyo kazi yangu, nauli yangu, ndiyo mume wangu huko njiani. Pochi naweza kumwachia."

Kisha akaongeza jambo ambalo mdogo wake, mwenye kibanda cha makava, analirudia mpaka leo kwa wateja: "Tena hakuna mtoto anayelilia pochi."

Akaenda chumbani, akatoa ile ya ngozi iliyofuliwa. Hakuwa ameitupa. Aliipaka mafuta siku nne mfululizo, akiikunja na kuikunjua, mpaka ikalainika. Ilikuwa imesinyaa, haikai tena kitambulisho wala noti bila kukunjwa. Lakini kadi ya njano, ikikunjwa mara mbili na kuvikwa nailoni, inaingia. Pamoja nayo aliweka karatasi yenye namba tatu: ya baba, ya shangazi mtu, na ya simu ya mezani ya ofisi ya msimamizi, ambayo kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kuiomba.

Tangu siku hiyo pochi hiyo si ya mama wala baba. Ni ya Chiriku, na hukaa na yeyote aliye naye. Asubuhi anakabidhiwa mwalimu wa chekechea. Mchana anaichukua Mama Sare. Baba akiwa nyumbani anaipokea yeye, na hapewi mtoto kabla hajaonyesha ameishika.

Ile ya sumaku bado ipo mgongoni mwa simu, ikiwa na kadi ya kazini na nauli. "Kwa mambo yangu mimi, haina mpinzani," anakiri. "Mdogo wangu asije akaninunia tena. Alininunia siku tatu."

Kazini nako kumebadilika. Saa nne kamili, wakati wa kubadili aproni, dada wa kwenye pasi hupaza sauti, "Mifuko!" Wafuaji wote tisa husimama na kugeuza mifuko yao nje, pamoja na bingwa mwenyewe. Msimamizi anasema tangu waanze hivyo wameokoa simu moja, hereni na miwani ya kusomea.

"Huyu mama ana kitu ambacho sina," anasema msimamizi. "Mimi nikikosea nafunika. Yeye alikosea mara mbili, na mara zote mbili alitusimulia yote, ili na sisi tusikosee."

Sasa ana mpango. Turubai za mikokoteni ya nguo zikichakaa hutupwa, na Mama Mifuko ameomba apewe. Jioni za Jumamosi yeye na Mama Sare hukata na kushona vipochi vidogo visivyopitisha maji, vya kukaa kadi moja na karatasi ya namba za simu. Wameshamaliza tisa. Anataka kila mtoto anayetoka hospitalini hapo na kadi kama ya Chiriku atoke na kipochi chake, bure. Ameandika barua kwa mganga mkuu, ya kwanza kuandika tangu ile ya kuomba kazi.

"Akikataa, nitavitia kwenye mfuko wa koti lake," anasema. "Mifuko yake naijua."

Saa kumi jioni yuko kwa Mama Sare, viatu ameviacha mlangoni. Mwezi ujao Chiriku anaanza darasa la kwanza, na sare yake imetoka cherehanini leo. Ina mfuko mmoja zaidi, wa ndani, upande wa kushoto, wenye kifungo. Mpango ni kwamba kuanzia siku ya kwanza ya shule atabeba pochi yake mwenyewe.

"Haya, tujaribu," anasema mama yake, anapiga magoti.

Chiriku anarudi nyuma hatua moja. "Mifuko!" anapaza sauti, mkono kiunoni. Mama Mifuko, kwa utiifu, anageuza mifuko ya gauni lake nje. Mitupu. Binti anaikagua yote miwili, anaridhika, kisha anafungua kifungo chake na kusimama wima.

Kwa miaka kumi na mmoja mkono ule umetoa vitu mifukoni mwa watu. Jioni hii unaingiza. Pochi ya ngozi, iliyosinyaa kwa maji ya digrii tisini, inaingia ndani ya mfuko wa mtoto wa miaka mitano na kuenea sawasawa, kana kwamba ilipimwa. Mama anafunga kifungo, anapapasa juu yake mara moja, halafu anapapasa tena.

"Ipo, mama," anasema Chiriku. "Ipo."